Uzi: Kampuni ndogo iwe na fundi wake wa IT, au ikodi watu wa nje?

#1 Kalamu_ya_Ntinda
Salaam wadau. Naweka hoja, anayeipinga aje na hesabu.

Kampuni yenye kompyuta chini ya 50 haina sababu ya kuajiri fundi wa IT. Ikodi watu wa nje. Chukueni mfano wa msambazaji wa bidhaa za dukani hapa Uganda: makao Nakawa (Kampala), matawi Mbarara na Arua, kompyuta 35, seva moja ya QuickBooks (programu ya uhasibu), printa sita, ruta tatu, kamera za ghala. Hakuna fundi mmoja anayejua waya, seva, EFRIS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato), kamera na barua pepe kwa kiwango kinachotosha. Akilazwa hospitali, ofisi nzima inalala naye. Kampuni ya nje ina mtu wa kila fani, na simu inapokewa hata mmoja wao akiwa likizo.

Bei: tuseme fundi wa kueleweka ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi, na mkataba wa nje kwa ukubwa huo ni 1,200,000. Nani bado anataka fundi wa ndani?

#2 MamaLeja
Hesabu yako ina mapengo pande zote mbili, ndugu.

Fundi wa 1,500,000: mwajiri anaongeza NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10%, yaani 150,000. Gharama tayari ni 1,650,000, bado hujamnunulia zana wala bando. Yeye mwenyewe akikatwa NSSF 5% (75,000) na PAYE, kodi ya mshahara (352,000), anabaki na 1,073,000. Fundi anayeijua seva vizuri hakai Kampala kwa pesa hiyo. Atajifunzia kwako kisha aende zake.

Kampuni ya nje: ikiwa imesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani, 18%), ankara ya 1,200,000 inapanda hadi 1,416,000. Nawe ukiwa umesajiliwa, ile 216,000 unaidai kwenye ritani, mradi ankara imetoka EFRIS. Lakini zahanati au shule, ambazo huduma zake zimesamehewa VAT, hazidai chochote. Kwao 18% ni gharama kamili. Kwa hao tofauti ya pande mbili ni 234,000 tu, na safari za Arua bado hatujazigusa.

#3 Busia_Mpakani
Ongeza na kodi ya zuio 6% kwa malipo yanayozidi milioni moja. Wengi huigawa ankara iwe mbili za laki sita sita, wanapona.

#4 MamaLeja
@Busia_Mpakani hawaponi. Sheria inatazama jumla, kwa hiyo kuikata ankara vipande hakubadilishi kitu. Pia wanaokata zuio ni mawakala walioteuliwa na URA, si kila mteja, na mtoa huduma mwenye cheti cha msamaha hakatwi. Tena hiyo si gharama ya mteja: ni kodi ya mapato ya mtoa huduma iliyotangulizwa. Ukiijumlisha kwenye bei unampunja mwenzako.

#5 FundiWaya_Jinja
Kodi tumezisikia. Sasa twende kwenye kinachoharibika, maana hapo ndipo utajua unamtafuta nani.

Simu nyingi za "kompyuta imekufa" chanzo chake ni umeme. UPS (boksi la betri la kushikilia kompyuta umeme ukikatika) ndogo ya 650VA ina betri moja ya 12V 7Ah, sawa na saa-wati (Wh) 84. Kompyuta ya mezani na skrini yake hula wati 120 hivi. Ukigawanya unapata dakika 42, ila betri ya madini ya risasi ikinyonywa kwa kasi haitoi nguvu zake zote, na UPS yenyewe inapoteza nyingine njiani. Ikiwa mpya, tegemea dakika 10 hadi 15. Ikifika miaka miwili mitatu, ni sekunde. Joto nalo linaimaliza: kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri hupungua karibu nusu, na UPS nyingi zimesukumwa chini ya meza, kwenye vumbi na hewa ya moto inayotoka kwenye kompyuta.

Halafu mtu anachomeka printa ya leza humo humo. Kipasha joto cha leza huvuta wati 500 hadi 1,000 kwa mkupuo. UPS inazima, kompyuta inazima nayo, na faili la QuickBooks lilikuwa wazi.

Mtu wa mbali mwenye AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali) haoni hata kimoja kati ya hivyo. Anachoona ni kwamba mashine haipo hewani. Kupima betri, kupima ardhi ya umeme (volti kati ya nyutro na ardhi isizidi mbili tatu), kuhamishia printa kwenye soketi ya ukutani: yote haya yanataka mtu aliye pale pale.

#6 Mzee_wa_Seva
FundiWaya kila ugonjwa kwake ni umeme, hata mke wa jirani akinuna atapima volti. Unataka tumlipe mtu milioni moja na nusu abadilishe betri? Fundi umeme wa mtaani anaifanya hiyo mara mbili kwa mwaka.

Mimi naona mikataba ya nje inashindwa kwa sababu ya vipimo. Wameandika "tutajibu ndani ya saa mbili". Wakipiga simu kusema wamepokea, wamejibu. Seva yako inaweza kulala siku tatu na mkataba ukabaki mzima. Weka muda wa kujibu na muda wa huduma kurudi, kila mmoja peke yake, hata kama huduma imerudi kwa njia ya dharura. Kisha panga kwa uzito. Mauzo yamesimama: mtu aanze kazi ndani ya dakika 30, huduma irudi ndani ya saa 4. Idara moja imekwama: saa 8 za kazi. Mtu mmoja: siku ya kazi inayofuata.

Zile asilimia zinazovutia nazo zipigie hesabu. Kwa mwezi wa siku 30, ahadi ya 99% inaruhusu kuzimika saa 7 na dakika 12. 99.5% ni saa 3 na dakika 36. 99.9% ni dakika 43. Na hakuna kinachozuia saa zote saba ziangukie Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo iandikwe: zinahesabiwa saa za kazi au saa 24? Umeme ukikatika zinahesabiwa? Faiba ikikatwa na wachimba barabara je?

Adhabu iwe punguzo kwenye ankara ya mwezi unaofuata, pamoja na haki ya kuvunja mkataba wakikosa miezi mitatu mfululizo. Orodha ya vifaa, kila kimoja na namba yake ya kiwandani, iwe kiambatisho. Bila orodha hiyo kila kitu kitaitwa "nje ya mkataba".

#7 Busia_Mpakani
Hapo kwenye "nje ya mkataba" mzee umepiga penyewe. Ila mimi sioni vipimo kama kiini. Kiini ni namna unavyolipa.

Ukilipa kwa kila wito, mtoa huduma anakula pale unapoharibikiwa. Hana haraka ya kukuwekea masasisho ya Windows wala kukwambia swichi (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya) imechoka. Ukilipa kiasi kile kile kila mwezi, anakula pale usipompigia, kwa hiyo anakutengenezea mambo yasiharibike. Au anakupuuza kimya kimya, kwa sababu pesa inaingia tu. Kwa wote wawili mteja asipodai ripoti ya mwezi ameumia. Ripoti iwe na: miito mingapi, mashine zipi zimerudia tatizo lile lile, zipi hazijapata masasisho, nakala rudufu ya mwisho iliyorudishwa kwa majaribio ni ya tarehe gani.

#8 Koboko_Link
Wote mnaandika mkiwa na Kampala kichwani. Arua ni kilomita karibu 500 kutoka hapo. Ukimwita fundi unalipa usafiri, chumba, na siku mbili za kazi zinapotea barabarani kabla hajashika bisibisi.

"Tutasaidia kwa mbali" inategemea intaneti iwepo. Uganda haina bahari. Nyaya zetu zinapitia Kenya na Tanzania. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima siku za uchaguzi. Siku kama hizo mtu wa mbali hana mkono.

Na kuna yale ambayo hayawezekani kwa mbali hata intaneti ikiwepo. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike (programu ya ulinzi wa kompyuta) lililaza mashine za Windows takribani milioni 8.5 duniani. Mashine nyingi zilimtaka mtu aketi mbele yake, aiwashe kwa hali salama (safe mode), afute faili linaloanza na C-00000291, na kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows), aandike ufunguo wa tarakimu 48. Je, ufunguo huo unao wewe, au anao mkandarasi?

#9 Nakawa_Swichi
@Koboko_Link mifano ni ya kweli, ila haimtetei fundi wa kuajiriwa. Fundi aliyeajiriwa Nakawa naye hayuko Arua. Tawi linahitaji mikono, na mikono inaweza kuwa ya karani.

Karani afundishwe mambo machache tu. Kuzima na kuwasha kwa mpangilio: kisanduku cha faiba kwanza, subiri dakika mbili, kisha ruta, kisha swichi. Kusoma taa: nyekundu kwenye kisanduku cha faiba maana yake ni nyaya za nje, piga simu kwa mtoa intaneti, usiguse kompyuta. Kuhamisha waya kutoka tundu moja la swichi kwenda jingine. Kupiga picha ya skrini nzima yenye kosa na kuituma WhatsApp, badala ya kusimulia. Kila waya uwe na lebo ncha zote mbili. Kabatini kuwe na ruta ya akiba iliyokwisha kuwekewa mipangilio, na laini ya simu ya kampuni nyingine, siyo ile inayoleta faiba. Tawi likiwa hivyo, safari nyingi za Kampala–Arua zinakufa.

#10 Sheria256
Naona mmeisahau Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 na kanuni zake za 2021. Ukimpa mtu wa nje uwezo wa kufungua seva yenye majina, namba za simu na mishahara, yeye anachakata data kwa niaba yako. Wewe unasajiliwa kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U (mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari), naye pia. Muombe cheti chake kabla ya kusaini. Mkataba uwe wa maandishi na useme wazi hatua za usalama, usiri, na data inarudi vipi siku mkiachana. Data ikivuja, kusema "ni mkandarasi" hakukuondolei wajibu. Mahakama inaweza kulitoza shirika hadi 2% ya mapato ghafi ya mwaka.

#11 Busia_Mpakani
Na una saa 72 za kutoa taarifa.

#12 Sheria256
Hapana, ndugu. Saa 72 ni ya Ulaya na ya Kenya. Ukikaa mpakani sheria za pande mbili zinachanganyika. Yetu inasema mara moja. Maana yake mkataba wako usimpe mkandarasi siku tatu za kukujulisha. Mpe saa, si siku, na anayejulishwa awe mtu mwenye cheo na simu yake.

#13 BintiHifadhi
Nilikuwa nasubiri mtu aseme nakala rudufu. Busia kaitaja mstari mmoja (#7), wengine kimya. Hili ndilo la kumpimia mtoa huduma, awe wa ndani au wa nje.

Nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya jengo. Mnaijua. Kinachokosewa ni hiki:

Kwanza, diski mbili ndani ya seva zinazoandika kitu kile kile si nakala rudufu. Ukifuta faili, limefutika kwenye zote.

Pili, kunakili faili la QuickBooks (.QBW) huku watu wanaingiza ankara kunaweza kukupa faili bovu, na hutajua hadi siku ya kulihitaji. Tumia chaguo la bakapu (nakala rudufu) la QuickBooks yenyewe, linalotoa .QBB, usiku watu wote wakiwa wametoka.

Tatu, diski ya USB inayokaa imechomekwa wiki nzima itafungwa pamoja na seva siku virusi vya kudai fidia vikiingia. Ziwe diski mbili za kupokezana, moja iondoke jengoni.

Nne, wingu, yaani kuhifadhi kwa intaneti. Watu wanauziwa "bakapu ya wingu" bila mtu kupiga hesabu ya kurudisha. GB 200 kwa kasi ya Mbps 10 ni saa 44 na nusu hivi, kama laini haikatiki. Ile saa 4 ya Mzee_wa_Seva imeshavunjwa. Ndiyo maana lazima kuwe na nakala ya karibu, ofisini, na ya wingu iwe kwa ajili ya moto na wizi.

Kila miezi mitatu chagua faili moja bila kumwambia mtu, mwambie mtoa huduma alirudishe kwenye kompyuta nyingine, mhasibu kama MamaLeja alifungue na alinganishe salio la benki. Lisipofunguka, ankara ya mwezi huo isubiri.

#14 MamaLeja
Salio la benki, orodha ya wadaiwa na thamani ya stoo. Vitatu. Faili linaweza kufunguka na stoo ikawa ya mwezi uliopita.

#15 Nakawa_Swichi
Binti kasema virusi vya fidia, basi tuseme vinaingilia wapi. Mlango unaojulikana ni RDP (njia ya Windows ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali), mlango namba 3389, ulioachwa wazi kwenye ruta ili "fundi aingie akiwa nyumbani". Kuubadilisha kuwa 3390 hakusaidii; wanaotafuta hupekua milango yote. Ufungwe, watu waingie kwa VPN (njia ya intaneti iliyofungwa kwa siri) yenye uthibitisho wa hatua mbili.

Mlango mwingine ni mkandarasi mwenyewe. Julai 2021 wahalifu waliingilia programu ya Kaseya VSA, ambayo kampuni za IT hutumia kusimamia mashine za wateja wao, na kupitia hapo wakafunga mafaili ya biashara kati ya 800 na 1,500. Wengi wa wateja hao hawakujua hata kwamba programu hiyo ipo. Kwa hiyo muulize mkandarasi: mnaingia kwetu kwa programu gani? Kila fundi wenu ana akaunti yake, au wote mnatumia nywila moja? Akiondoka kazini inafungwa lini?

Na funguo zibaki nyumbani. Jina la kikoa (anwani ya kampuni mtandaoni), .co.ug au .com, lisajiliwe kwa jina la kampuni na barua pepe isiyotegemea kikoa hicho hicho. Akaunti kuu ya Microsoft 365 au Google ishikwe na mkurugenzi, nywila yake iwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Mkandarasi apewe akaunti ya pili. Hivyo hivyo kwa ruta, kamera, funguo za BitLocker, leseni, na ufunguo binafsi wa EFRIS kama mfumo wenu umeunganishwa moja kwa moja na URA. Asiyefanya hivi, siku ya ugomvi atagundua barua pepe ya kampuni nzima iko mkononi mwa mtu anayedai malimbikizo.

#16 Kalamu_ya_Ntinda
Asanteni. Nimeyachukua ya funguo na ya makarani wa matawi. Ila bado sijaona hoja ya mshahara wa kila mwezi. Mtu mmoja wa ndani anayeshika funguo na kusoma ripoti anaweza kuwa meneja wa ofisi, na ufundi ukabaki nje.

#17 Koboko_Link
Meneja wa ofisi asiyejua DNS ni nini atasomaje hiyo ripoti? Ataletewa karatasi yenye alama za kijani atie sahihi. Anayemsimamia fundi lazima naye aweze kubisha kifundi.

#18 Mzee_wa_Seva
Kalamu, bei yako ya 1,200,000 tuifungue tuone ndani mna nini. Kampuni ya nje nayo inaajiri. Fundi wao tuchukulie anawagharimu hiyo 1,650,000 ya MamaLeja. Ongeza ofisi, gari, programu, leseni na faida, iwe mara mbili: 3,300,000. Mwezi una saa za kazi 176. Milioni 1.2 inanunua saa 64 hivi. Kwa mashine 35, hata saa mbili kwa mashine hazifiki, na hapo hujatoa safari wala seva. Inawezekana, kama mashine ni nzima.

Sasa wapo wanaotoa mkataba wa 400,000 kwa ukubwa huo huo. Hiyo ni saa 21. Atakayekuja ni kijana wa mafunzo, na atakuja mkishapiga kelele. Kwa hiyo Busia, aina ya malipo ina nafasi yake, lakini bei ya chini inaharibu kabla hata hujachagua aina.

#19 FundiWaya_Jinja
"Kama mashine ni nzima." Mzee kafika mwenyewe nilipokuwa namngoja.

Nenda kahesabu kompyuta za mitumba kwenye ofisi za Kampala. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, kichakataji cha kuanzia kizazi cha 8. Zile za kizazi cha 4 hadi cha 6 zinazouzwa kwa bei nzuri hazimo. Kuna njia za kulazimisha iingie, lakini unabaki na mashine ambayo Microsoft haiahidi kuipa masasisho. Hapo hata ukikodi malaika, saa zako 64 zinaishia kufufua mashine ambazo zingebadilishwa. Ongeza RAM na SSD kwa zile za kizazi cha 8 kwenda juu, zilizobaki zipangie bajeti ya kubadilisha, ndipo muanze kubishana fundi akae ndani au nje.

#20 Busia_Mpakani
Kwa hiyo umeme, sasa mitumba. Bado nasema ni malipo. Mkandarasi wa malipo ya mwezi angekuwa wa kwanza kukuambia uzitupe, kwa sababu zinamla saa.

#21 Mpya_Lira
Habari wakubwa. Nimefuata uzi wote. Swali dogo nje kidogo ya mada: tawi lina ruta na kisanduku cha faiba tu vinavyohitaji kubaki hewani umeme ukikatika, kompyuta ni za mapajani. Ninunue UPS ya 650VA?

#22 FundiWaya_Jinja
@Mpya_Lira usinunue. Hiyo UPS inageuza 12V ya betri kuwa 240V, kisha adapta zako zinairudisha kuwa 12V. Nguvu inapotea mara mbili kwa mzigo wa wati 20 tu. Tafuta UPS ndogo ya DC, ile ya boksi lenye betri za lithiamu, inayotoa 12V moja kwa moja.

Kabla ya kulipa geuza ruta na kisanduku cha faiba, soma nyuma. Vyote viwe vya 12V, na ujumlishe ampea: 12V 1A na 12V 1.5A vinataka UPS inayotoa angalau 2.5A. Kama kimoja ni 9V au 5V, hakikisha boksi lina tundu la volti hiyo. Angalia mchoro wa plagi, chanya iwe katikati kwa vyote. Na lile tundu la PoE (linalopitisha umeme kwenye waya wa mtandao) la 24V au 48V lililo kwenye baadhi ya maboksi hayo, lifunike kwa tepu kabisa. Karani akichomeka ruta ya kawaida humo, utanunua ruta.

#23 Mpya_Lira
Kisanduku ni 12V 0.5A, ruta ni 12V 2A. Boksi la 3A basi. Shukrani mzee.

#24 Koboko_Link
Nunua mawili. Moja litakaa kabatini na ile ruta ya akiba ya Nakawa_Swichi.